Miaka 16 kanisa moja, sasa kila Jumapili nasingizia kuumwa. Niondoke au nibaki?

BenchiLaTatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Niko kwenye kanisa hili mwaka wa 16 sasa. Mchungaji ndiye aliyetufungisha ndoa. Ndiye aliyemzika baba yangu. Mtoto wetu wa kwanza alipolazwa, alikuja wodini saa nne usiku akakaa nasi mpaka alfajiri bila kutoa hata aya moja, alikaa tu. Naanza na hayo makusudi, maana najua wengi wenu mtataka awe mtu mbaya tangu mstari wa kwanza. Angekuwa mtu mbaya nisingeandika uzi, ningeshaondoka zamani.

Nilikuwa kamati ya fedha miaka sita. Kila mwaka mahesabu yalisomwa mbele ya washirika wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Miaka miwili iliyopita katiba ikabadilishwa. Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono mwisho wa ibada ndefu, watoto wanalia njaa, nakala hatujapewa. Tangu siku hiyo wajumbe wa baraza wanateuliwa na mchungaji mwenyewe, na mkutano wa mwaka umegeuka ibada ya shukrani. Mahesabu hayasomwi tena. Mfuko wa ujenzi tunauchangia kila mwezi, ila msingi tuliomwaga umeota majani mpaka kiunoni.

Nikauliza, faragha kwanza, ofisini kwake. Akacheka, akanipiga bega, akasema niiachie mambo hayo baraza. Mara ya pili niliuliza kwa barua. Jumapili iliyofuata somo likawa Hesabu 16, Kora na wenzake waliomwasi Musa wakamezwa na ardhi. Hakunitaja jina, wala hakuhitaji, shingo za nusu ya kanisa zilishanigeukia. Wiki iliyofuata sikuwepo kwenye ratiba ya zamu.

Sisemi ameiba. Sina ushahidi, na huenda kila kitu kipo salama. Ninachojua ni kwamba nimekuwa mtu anayeamka Jumapili akitafuta kichwa kimuume.

Mke wangu yuko kwaya, anashika sauti ya pili. Nilipomgusia kuondoka alinijibu kwa upole kabisa: "Nenda, mimi siimbii mahesabu." Watoto wote wawili wako shule ya Jumapili na marafiki zao wote wako hapo.

Sasa naomba msaada, hasa kwa waliopita njia hii. Aliyeondoka, alijuaje kuwa muda umefika? Aliyebaki, amebaki vipi bila kuoza moyo?

---

Kengele Mbovu

Ondoka. Kanisa si ndoa. Umekuja na uzi mrefu kwa jibu fupi.

---

Mwana wa Kinanda

Nimevuta benchi la nyuma, nasoma tu.

---

Mzee wa Zamu

Kijana, kwa heshima zote, soma Waebrania 10:25. Tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine. Hao "wengine" ndio wewe na hicho kichwa chako cha Jumapili. Pia Zaburi 105:15, msiwaguse masihi wangu, yaani wapakwa mafuta. Mtumishi akikosea ana Bwana wake wa kumhukumu. Wewe toa sadaka yako, jukumu lako limeishia kwenye kapu.

---

Chongo Mwenye Macho

Mzee wangu Mzee wa Zamu, shikamoo, ila hapa niruhusu tubishane kidogo. Aya hizi mbili zimefanyishwa kazi ya ulinzi wa getini kwa muda mrefu mno.

Waebrania 10:25 inawaonya watu waliokuwa wanaacha kukusanyika. Haisemi wakusanyike kwa nani. Mtu akitoka kusanyiko hili Jumapili hii na Jumapili ijayo akaingia lingine, hajaivunja. Anayeivunja ni huyu mleta uzi anayejilaza kitandani na kichwa kizima, na hapo nakuunga mkono.

Zaburi 105 nayo, soma kuanzia mstari wa 12. Inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa, na Mungu akiwakemea wafalme wasiwaonee. Yaani maneno yale aliambiwa mwenye nguvu kwa ajili ya wasio na nguvu. Leo mwenye nguvu ndiye anayeyashika kama ngao dhidi ya mshirika aliyeuliza risiti!

Ila mfano ninaoupenda ni wa Daudi. Wote tunajua alikataa kumnyoshea Sauli mkono kwa sababu ni masihi wa Bwana. Tunachosahau ni kwamba alipoyasema hayo alikuwa mafichoni. Mkuki wa Sauli ulipomkosa ukachoma ukuta, Daudi alitoroka usiku uleule, hakubaki pale mezani kwa mfalme eti kuonyesha utii. Na kule pangoni En-gedi, baada ya kukata upindo wa vazi la Sauli, alitoka nje akamwita Sauli kwa sauti mbele ya watu wake na kumwambia makosa yake peupe. Kwa hiyo kumheshimu, kumwambia ukweli hadharani na kukaa mbali naye, vyote vitatu alivifanya mtu yuleyule.

---

Mzee wa Zamu

Marahaba. Daudi alipakwa mafuta. Huyu kapakwa na nani?

---

Chongo Mwenye Macho

Hahaha, hapo umenibana mzee wangu. Ila kuuliza mahesabu hakuhitaji mafuta. Paulo mwenyewe alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8:20-21, anasema wazi kwamba anajihadhari mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, na anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Katika 1 Wakorintho 16:3 anawaachia washirika wenyewe wachague watakaoupeleka. Mtume aliomba kusindikizwa na mashahidi. Sasa mchungaji wetu ana nini cha zaidi?

---

Dada Mkubwa

Kabla hamjafika mbali na Daudi wenu, mleta uzi nijibu swali moja. Kuna mtoto au mtu yeyote aliyeumizwa mwili? Kuna mtu anayelazimishwa jambo, anayetishwa, anayenyimwa dawa kwa jina la imani?

Nauliza kwa sababu kwetu kulikuwa na msichana wa shule ya Jumapili na mtu mzima mwenye funguo za jengo. Wazee walikaa kikao, wakafunga siku tatu, wakamsamehe yule mtu kwa niaba ya msichana. Msichana hakuulizwa. Sisi tulikuwa tunasubiri "utaratibu wa ndani" na wakati tunasubiri, yule mtu bado alikuwa na funguo. Mpaka leo nikikumbuka ule ustaarabu wetu natamani kujizaba kofi.

Likiwa la namna hiyo hakuna niondoke au nibaki. Mtoto anatolewa leo, polisi wanajulishwa leo, kikao kitakuja baadaye.

---

BenchiLaTatu

Hapana dada, hilo halipo kabisa. Pole sana kwa mliyopitia.

---

Dada Mkubwa

Asante. Basi una muda. Usijifanye huna, na usijifanye unao milele.

---

Kengele Mbovu

Mleta uzi kuna kitu umekiruka. Ile kura ya katiba, mkono wako ulikuwa wapi?

---

BenchiLaTatu

Juu.

Nilijua kuna mtu ataniuliza. Nilinyoosha. Niliwaza tukimaliza haraka tutawahi nyumbani. Miaka sita ya kamati ya fedha, nilikuwa najua maana ya kila kifungu kilichofutwa, na nikanyoosha. Mkuu, labda hilo ndilo linaloniuma kuliko Kora.

---

Mtalii Aliyechoka

Mimi ni wa kuondoka. Makanisa manne ndani ya miaka saba, kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyefilisika akikushauri biashara.

La kwanza niliondoka kwa sababu ya haki kabisa. Mchungaji alianza kufundisha kwamba anayeumwa hana imani, huku mama yangu yuko kitandani. Sijutii hata dakika. La pili niliondoka kwa sababu nyimbo zilikuwa za zamani. La tatu kwa sababu nyimbo zilikuwa mpya. (Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka.) La nne kwa sababu hakuna aliyenijulia hali nilipokosa Jumapili tatu, halafu nikagundua hakuna aliyekuwa na namba yangu, maana sikuwa nimempa mtu.

Nilichojifunza ni kwamba safari ya kwanza inakufundisha miguu. Ukishaondoka mara moja kwa haki, mara ya pili mlango unakuwa mwepesi sana kusukuma. Mwisho nikawa nakaa ibadani kama mkaguzi wa mtihani, natafuta kosa. Na kosa lipo kila mahali, hulikosi ukilitafuta.

Kwa hiyo usiniulize kama uondoke. Jiulize ungeondoka hata kama mchungaji angekuomba radhi kesho kwa ile Kora, ila mahesabu yakabaki kabatini. Kama radhi ingekutosha, basi umeumizwa, na jeraha utahama nalo. Kama isingekutosha, una hoja.

---

BenchiLaTatu

Swali lako limenikalisha, mtalii. Nalijibu nikiwa nimepoa.

---

Sina Makuu

Mimi niliondoka kanisani na imani nikaiacha hukohuko. Sitaki kumgeuza mtu. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyeniuliza kwa nini, wote waliniuliza nitarudi lini. Mkuu, wewe angalau una mtu wa kukuuliza kwa nini, hata kama ni humu.

---

Parokia Moja

Kwetu Wakatoliki swali lako linakaa kivingine kidogo. Mtu anaweza kukorofishana na paroko akaenda kusali parokia ya pili, na hakuna anayesema amelihama Kanisa. Tunagombana ndani ya nyumba tukihama vyumba. Faida yake ni kwamba hasira hazizai dhehebu. Hasara yake, kusema ukweli, ni kwamba paroko mbovu naye huhamishwa chumba.

---

Mwana wa Kinanda

Samahani naingilia. Swali la kizembe labda: kama ikija kugundulika mchungaji alikuwa anakula hela, je, waliobatizwa naye? Mimi nilibatizwa na mtu ambaye baadaye alikuja kuacha huduma kwa aibu. Huwa linanisumbua.

---

Parokia Moja

Si la kizembe hata kidogo, watu waligawanyika kwa swali hilo Afrika ya Kaskazini karne ya nne. Baada ya mateso ya kaisari Diocletian wapo viongozi waliokuwa wametoa Maandiko yakachomwa ili wapone. Kundi lililokuja kuitwa Wadonati likasema askofu aliyewekwa wakfu na msaliti si askofu, na ubatizo wa upande ule si ubatizo. Wakawa wanabatiza upya. Askofu Agostino wa Hippo aliwapinga miaka mingi, na mwaka 411 pande zote mbili zilikutana Karthago kwa mamia ya maaskofu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba anayebatiza ni Kristo. Mkono wa padri unaweza kuwa mchafu, maji hayawi yake.

Kwa hiyo ubatizo wako uko palepale. Ila usisahau upande wa pili wa hadithi: mabishano yale yaliishia dola kuwashurutisha Wadonati kwa sheria, na Agostino akaunga mkono. Kumshinda mtu kwa hoja kisha ukamletea askari, hilo mimi simsifii.

---

Mwana wa Kinanda

Nimelala nalo miaka kumi na moja hilo. Ubarikiwe.

---

Mtumishi Mstaafu

Nimesoma kimya tangu juzi. Nilikuwa mchungaji miaka 28, sasa nimepumzika. Nitasema kutoka upande ambao humu hauna mwenyeji.

Niliwahi kuhubiri Kora. Mara mbili. Mara zote mbili kulikuwa na mtu mmoja ninayemlenga, na mara zote mbili sikuwa nimeiba kitu. Somo kama lile huandikwa Jumamosi usiku, na mwandishi wake ni hofu. Unaona maswali ya mtu mmoja, unasikia kanisa zima likiondoka chini ya miguu yako. Sisemi haya kumtetea mchungaji wako. Madhabahu si mahali pa kumjibia mtu asiyepewa kipaza sauti, na mtu wa pili niliyemfanyia hivyo alikufa kabla sijamwendea. Ninasema ili ujue kwamba Kora si ushahidi wa wizi. Mahesabu yaliyofichwa ndiyo ushahidi, na hata hayo yanathibitisha kuficha tu.

Walioondoka mikononi mwangu walikuwa wengi. Waliokuja kuniaga hawafiki kumi, na ninawakumbuka kwa majina. Wengine wote walipotea kama moshi, nikabaki najitungia sababu, na kila sababu niliyoitunga ilinifanya mimi kuwa mwema.

Sasa la kazi. Umeomba mara mbili, lakini umeomba peke yako. Mathayo 18 ina ngazi: wewe na yeye, kisha mmoja au wawili pamoja nawe, kisha kanisa. Umesimama ngazi ya kwanza. Tafuta wawili wasio na hasira, hasa mmoja anayempenda mchungaji kweli. Na msiombe "uwazi". Uwazi hauna jalada, hakuna kabati linalofunguliwa ukauchomoa. Ombeni karatasi zenye majina: muhtasari wa kikao kilichobadili katiba, taarifa ya benki ya mfuko wa ujenzi, majina ya watia saini wa akaunti, mkataba wa fundi, na kama kuna mkaguzi wa nje, ripoti yake ya mwisho. Wekeni tarehe ya kujibiwa. Mtu safi aliyeogopa tu, akiona orodha ya namna hiyo hushusha pumzi, maana sasa ni kazi na si vita. Asiye safi ataleta mstari wa Biblia.

---

Chongo Mwenye Macho

"Uwazi hauna jalada." Mtumishi, naomba ruhusa ya kuiiba hiyo.

---

Mzee wa Zamu

Mtumishi amesema vyema. Ila bado nasisitiza, kubaki kuna thawabu. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alikejeliwa, akafungiwa milango ya makanisa akahubiri mashambani, na alikufa mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kanisa la Uingereza. Hakuondoka.

---

Chongo Mwenye Macho

Hakuondoka mzee wangu, ila mwaka 1784 alikuwa ameshawawekea mikono wahubiri wa kwenda Marekani bila askofu, na wafuasi wake walitoka miaka michache tu baada ya kumzika. Wesley alibaki huku akijenga mlango.

---

Karani wa Zamani

Naongeza moja inayofanana zaidi na kesi ya mleta uzi, maana nayo ilihusu nani ana sauti kwenye kanisa. Uskoti, karne ya 19, sheria ilimpa mwenye ardhi haki ya kuleta mchungaji hata washirika wakimkataa. Walibishana miaka kumi, mikutanoni na mahakamani, wakashindwa. Mei 1843 kundi la wachungaji na wazee lilinyanyuka kwenye mkutano mkuu, likatoka kwa mstari mpaka barabarani na kuanzisha Kanisa Huru, Thomas Chalmers akiwa mwenyekiti; kwa jumla wachungaji zaidi ya 450, zaidi ya theluthi ya wote, waliondoka. Waliacha mishahara, nyumba na majengo.

Watu husimulia hapo wakakoma. Mimi hunivutia yaliyofuata. Waliobaki nao hawakulala, waliendelea kusukuma, na sheria ileile ikafutwa mwaka 1874. Mwaka 1929 sehemu kubwa ya warithi wa walioondoka waliungana tena na kanisa walilotoka babu zao. Sasa niambieni nani alikuwa sahihi. Mimi nadhani bila kishindo cha walioondoka sheria isingefutwa, na bila waliobaki kusingekuwa na pa kurudi. Ila kumbukeni pia kwamba ilichukua miaka 86, na mtu aliyefukuzwa nyumba akiwa na watoto wadogo hakuiona.

---

Kengele Mbovu

Miaka 86! Na mimi niliyemwambia aondoke kwa mstari mmoja.

---

Mama Sauti ya Kwanza

Wote mmeandika juu ya mchungaji. Nimehesabu. Aliyemgusa mke ni hakuna.

Ndugu BenchiLaTatu, mkeo hajasema mahesabu si kitu. Amesema chake kiko pengine. Miye nina mwaka wa 20 kwaya. Sauti ya pili ni watu wanaosikilizana kupumua. Ukimng'oa pale humng'oi kwa mchungaji, unamng'oa kwa wanawake watano waliomshika mkono akijifungua. Wewe jeraha lako liko kwenye daftari, yeye dawa yake iko kwenye jengo hilohilo. Si lazima mwende mguu mmoja.

Tulifanya hivyo mimi na baba watoto kwa miaka mitatu. Yeye alienda kwake, mimi kwangu, tukarudi tukasimuliana mahubiri. Kilichotusumbua ni watoto tu. Kosa tulilofanya ni kuwagawana kama viti vya kukodi: wiki hii wako, wiki ijayo wangu. Mwisho mkubwa akatuambia yeye hana kanisa, ana ratiba. Waacheni watoto mahali pamoja mpaka ninyi mmetulia. Na usiwaambie siri za mchungaji. Huyo ndiye aliyewashika kichwani kuwabariki, siku wakijua wajue wakiwa wakubwa na kwa ushahidi.

Halafu swali moja la kike. Umemuuliza analojua? Mtu wa kwaya husikia mengi kuliko kamati.

---

BenchiLaTatu

Mama, sikuwahi kumuuliza. Nilimtangazia tu.

---

Mtalii Aliyechoka

Na vipi kuhusu sadaka kwa sasa? Unatoa?

---

BenchiLaTatu

Ya ibada natoa. Ya ujenzi nimeacha tangu barua, na najisikia mwizi kila bahasha ikipita.

---

Karani wa Zamani

Usijisikie mwizi. Wakristo wa mwanzo walikuwa wakali kuliko wewe. Didake, maandishi ya kale sana ya mafundisho ya mitume ambayo nakala yake ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873, inasema mtume mgeni akikaa siku tatu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Siku tatu tu! Ila andishi hilohilo linaagiza nabii wa kweli anayetaka kukaa apewe malimbuko. Walikuwa watoaji wakubwa, na macho walikuwa nayo.

Kama dhamiri inakusumbua, kiasi kilekile mpelekee mkononi mjane wa kusanyiko lako. Fanya bila kutangaza, isije ikawa mgomo wenye baraka.

---

BenchiLaTatu

Wakuu, nimerudi. Ni wiki sita tangu nifungue uzi, na wengine mmenifuata faragha kuuliza, asanteni.

Nianze na mke wangu. Nilimuuliza. Alikuwa anajua kuliko mimi. Alijua kwamba mchungaji ana deni, kwamba mtoto wake anaumwa ugonjwa wa kudumu, kwamba baraza walikubaliana "kumsitiri". Wanawake wa kwaya walikuwa wanajua mwaka mzima na walikuwa wanaomba. Hakuniambia kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe ungelifanya ajenda." Sikuwa na la kujibu, maana ningelifanya ajenda.

Nikatafuta wawili kama alivyosema Mtumishi. Mmoja ni rafiki yake mchungaji tangu ujana. Tukaenda na orodha ya karatasi tano. Sikutaja niliyoambiwa na mke wangu. Alituangalia kwa muda mrefu, akasema atajibu. Siku ya tarehe tuliyoweka alituita. Alitupa karatasi mbili kati ya tano, muhtasari na majina ya watia saini. Watia saini ni yeye na shemeji yake. Taarifa ya benki akasema baraza limekataa. Hakuleta mstari wa Biblia. Alisema tu, "Nipeni muda." Rafiki yake akamwambia, "Sema tukusaidie." Akanyamaza. Nilimuona kama alivyokaa wodini usiku ule, na nikajua kwamba namsamehe, na nikajua pia kwamba sitaweza kukaa chini ya sahihi mbili za nyumba moja.

Mtalii, hilo ndilo jibu la swali lako. Kabla hatujatoka aliniomba radhi kwa Kora. Aliomba vizuri, kwa machozi. Haikutosha.

Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata kuaga. Nilirudisha funguo ya stoo na vitabu viwili vya stakabadhi vilivyobaki kwangu tangu enzi za kamati, akavisaini kuwa amevipokea. Nikamwambia sababu kwa mdomo na kwa karatasi moja, nakala nikaweka barazani: ni katiba na mfuko, siyo yeye kuhubiri. Na kwamba mkono wangu ulikuwa juu siku ile. Wale wawili wamebaki, wanataka kifungu cha mahesabu kirudishwe kwenye mkutano wa mwaka. Nimewaandikia kila nilichokumbuka cha zile taratibu za zamani.

Mke wangu na watoto wanaendelea palepale. Mimi nimeanza kwenda kwingine, kusanyiko dogo, mahesabu yao yamebandikwa ukutani, mahubiri yao, Mungu anisamehe, yanachosha.

---

Mzee wa Zamu

Sikubaliani nawe kijana, ila umetoka kwa mlango wa mbele. Hilo nimeliona.

---

Dada Mkubwa

Na hao wenye deni na mtoto anayeumwa, kuna mtu amewaendea kwa jina hilo na si kwa jina la mfuko?

---

BenchiLaTatu

Wanawake wa kwaya wameshaenda. Mimi bado. Nimeandika hapa ili nione aibu niende.

---

Mama Sauti ya Kwanza

Na Jumapili inakuwaje hapo nyumbani? Wa kwenda huku na wa kwenda kule?

---

BenchiLaTatu

Ibada yangu inaisha mapema, kwa hiyo nawapitia. Jumapili hii nilifika kwaya bado wanaimba, nikasimama nje chini ya dirisha. Nilikuwa najua sauti ya pili itachelewa wapi, na ikachelewa palepale. Yule mzee wa mlangoni, ambaye tangu mahubiri ya Kora hajawahi kunisalimu, alinichungulia, akaingia ndani. Nikajua nafukuzwa. Akatoka na kiti, akakiweka kivulini, akarudi mlangoni kwake. Hakusema neno.

---

Mwana wa Kinanda

Ulikikalia?

---

BenchiLaTatu

Nilikikalia.